Mechi Haianzi Bila Mheshimiwa

Kipenga changu kinalia saa kumi. Siyo saa kumi na robo, siyo ile saa kumi ya kwenye kadi za harusi. Aliyefika amefika, ambaye hajafika atatukuta tunacheza, na kama anajiona mkubwa mno kukuta watu wanacheza, basi ageuze akaangalie televisheni kwake. Hapa Buhare wananijua. Wanakamati wakiniona tu nashika kamba ya kipenga, wanaanza kukimbia huku na huku, mmoja kashika kitambaa cha meza kuu, mwingine kakumbatia chupa za maji, wa tatu anapunga mikono kama anafukuza kunguru kwenye mtama: "Kocha, subiri kidogo! Mgeni rasmi yuko njiani!"

Yuko njiani. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia kwamba mgeni rasmi yuko mahali pengine. Haumwi, halali, hayuko kazini, yeye yuko njiani tu.

Wananiita mkorofi. Wengine wanasema ni hasira za kukosa cheo, wengine wanasema ni goti linaniuma ndiyo maana nina mdomo. Goti linaniuma kweli, hasa mvua zikikaribia. Lakini mdomo ninao tangu zamani.

Nilizaliwa Nyamuswa, nyumba ya pamba na ng'ombe wachache, na nilicheza michezo miwili. Mpira wa miguu na mpira wa pete. Siyo huu mwaka huu na ule mwaka kesho, hapana. Msimu mmoja, mwili mmoja, miguu hii hii unayoiona. Mpira wa miguu niliujulia malishoni, kwa sababu kaka zangu walikuwa wanatafuta wa kukaa golini na hakuna aliyetaka kuchubuka. Baadaye wakagundua kwamba golikipa wao anapiga chenga kuliko wao, wakakoma kuniita. Pete nilifundishwa shuleni, na pete haikuniomba chochote ila mapafu na akili, nami vyote nilikuwa navyo.

"Mshika mbili moja humponyoka." Loo! Methali hiyo nimeambiwa na watu ambao hawakuwahi kushika hata moja. Nimeambiwa na mjomba wangu ambaye alishindwa shamba, akashindwa duka, akashindwa hata ulevi, maana alikuwa akilewa kabla hajafika kilabuni. Nimeambiwa na mwenye mashine ya kusaga, na mke wake, na wateja wao. Kila mtu Nyamuswa alikuwa na hiyo methali mfukoni, ananisubiri nipite.

Halafu walikuwepo makocha wangu, Mungu awasamehe, mimi bado. Kocha wa mpira wa miguu alikuwa muuza mitumba mnadani, mtu wa kitambi ambaye sijawahi kumwona akikimbia isipokuwa siku wanamgambo walipokuja kukagua leseni. Aliniita mura, kama vile mimi ni kijana wa kiume, na alidhani ananisifia. "Mura, achana na hiyo pete," alikuwa ananiambia. "Ule ni mchezo wa kurushiana vitunguu." Kocha wa pete alikuwa mwalimu wa sekondari, mama mwenye mwavuli mweusi ambao haukufungwa masika wala kiangazi. Yeye alinionya kwamba mpira wa miguu utanikomaza mapaja nikose mume. Mume aliyempata yeye tulikuwa tunamwona, analala mtaroni kila mwisho wa mwezi. Mmoja akipanga mazoezi Jumanne, mwenzake naye lazima apange Jumanne. Walikuwa hawasalimiani. Ungefikiri wanagombea shamba la urithi, kumbe shamba lenyewe ni mimi.

Mtu mmoja tu hakunitajia ile methali, na huyo alikuwa mzungu. Padri wetu wa parokia, mzee wa Ayalandi, shingo nyekundu, Kiswahili chake kimekaa pembeni ya njia. Chumbani kwake ukutani kulikuwa na fimbo bapa, pana mwishoni kama mwiko wa kusongea ugali wa msiba. Sisi tulijua ni ya wezi. Siku moja nilipeleka mayai, nikamkuta kaishusha anaifuta kwa kitambaa, nikamwuliza ameshawapiga wangapi. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwao kuna michezo miwili: mmoja wanapiga mpira mdogo mgumu kwa hiyo fimbo, mwingine wanacheza mpira mkubwa kwa mikono na miguu. Hawalipwi. Unachezea parokia uliyozaliwa, basi, mpaka uzeeke. Na wako wachache wanaocheza yote miwili, na yeye zamani alikuwa mmojawapo.

"Na makocha?" nikamwuliza.

"Makocha!" akasema, akakunja uso. "Wawili wale walinivuta kama ngozi ya ng'ombe. Jumanne huyu ananikimbiza, Alhamisi yule ananikimbiza, Jumapili wote wanataka niwe mzima. Goti likafa. Ndipo nikachagua."

"Ukachagua upi?"

"Seminari," akasema.

Nilimpenda yule mzee kwa hilo jibu. Aliniambia na jambo jingine, ambalo sikulizingatia wakati ule. Kwao zamani, mechi kubwa zilikuwa zinafunguliwa na askofu. Askofu ndiye anarusha mpira, vijana wanaugombania. Nikamwuliza, akichelewa je? Akaniangalia kama hajanielewa. "Akichelewa anakuta wameanza," akasema. Nikaona ananidanganya. Askofu mzima akute wameanza?

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja, miaka ile ya simu za tochi, zikaja habari kwamba timu ya pete ya jeshi inatafuta senta, yule wa katikati ambaye mipira yote inapitia kwake. Mimi nilikuwa senta wa wilaya ya Bunda. Ieleweke kwa asiyejua: timu ya jeshi ikikuchukua, haikuchukui ukacheze tu. Umeajiriwa. Unapewa mafunzo, unapewa gwanda, unapata mshahara mvua inyeshe isinyeshe. Kwetu mwajiri alikuwa mvua, na mvua ni bosi wa hovyo kabisa. Mama yangu alikuwa amechuma pamba tangu utoto wake, ncha za vidole zimechanjwachanjwa na maganda makavu, hata uzi kwenye sindano alikuwa ananiomba nimtungie. Nilimwambia: "Mama, wakinichukua, hilo kapu la pamba nalichoma moto." Akasema nisichome kapu, kapu ni zuri, nikamnunulie blanketi. Lakini alikuwa anatabasamu, na jioni ile niliisikia sauti yake akiimba jikoni.

Aliyekuwa anakuja kuniangalia alikuwa afande mmoja wa kike kutoka timu ya jeshi. Angekuja mara moja tu, siku ya fainali ya mkoa, Bunda dhidi ya Musoma Mjini, uwanjani Musoma.

Kamati ya michezo ikakaa. Nikisema ikakaa, namaanisha ilikaa, ikanywa soda, ikala maandazi, ikafuta mikono kwenye ratiba. Ilipoinuka ilikuwa imepanga fainali ya pete Musoma saa kumi jioni, na fainali ya mpira wa miguu ya wasichana wa kata, Nyamuswa na Nyasura, Bunda saa tatu asubuhi, Jumamosi hiyo hiyo moja. Kwa nini? Jumamosi ziliisha? Hapana. Mgeni rasmi alikuwa mmoja kwa mechi zote mbili, mkubwa mmoja wa wakati ule, cheo chake hakina maana sasa, alishastaafu na kusahauliwa. Yeye alikuwa na Jumamosi moja. Basi mkoa mzima ukajikunja kama mkeka ili utoshe kwenye Jumamosi yake.

Kuna mtu atasema, ungeacha mpira wa miguu. Na kwa nini niache? Saa tatu na saa kumi, hata kamongo, samaki wa matopeni, angetambaa kwa tumbo kutoka Bunda akafika Musoma. Isitoshe zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, na wazee wa kwetu wana tabia moja: walishaligawana dume kabla mechi haijachezwa. Huyu mguu, huyu mbavu, kichwa cha mwenyekiti. Baba yangu alipewa kidari, kwa ajili yangu. Kidari cha ng'ombe ambaye bado anakula majani, bado ni wa kamati! Baba akawa anatembea kijijini kifua mbele, kama hicho kidari kipo tayari ndani ya shati. Ningemwambia nini?

Siku ikafika. Saa tatu tulikuwa tumeshavaa, tumeshapasha misuli, tumeshapiga picha. Saa nne tukakaa. Saa tano tukalala chini ya goli, pale penye kivuli cha mwamba wa goli, kivuli chembamba kama utepe, tumejipanga humo wachezaji wa timu zote mbili. Nyasura wakagawana nasi maji. Kocha wangu akamfuata mwenyekiti wa kamati akamwuliza kwa nini tusianze. Mwenyekiti akamtazama kama kaomba tuanze bila mpira. "Mechi itaanzaje," akasema, "na mheshimiwa hajafika?"

Mheshimiwa alifika saa saba kasoro. Magari matatu, vioo vyeusi, wapambe wakaruka nje kabla magurudumu hayajasimama. Akatukagua mmoja mmoja, mkono laini kama andazi bichi. Aliponifikia akaniuliza nacheza namba ngapi. Nikamwambia kumi, mheshimiwa. Akaniambia nisome pia. Nilikuwa nimeshamaliza shule, lakini unamwambia nini mtu ambaye ameshahamia kwa mwenzako? Halafu hotuba. Michezo ni afya. Michezo ni upendo. Michezo ni ajira. Aliposema ajira akaiangalia saa yake ya mkononi, saa kubwa inayong'aa, na mimi nikajiuliza ile saa anaivaa ya nini.

Lakini mimi sikuwa na wasiwasi, na nisikilizwe vizuri hapa, maana watu wamenicheka sana kwa hili. Nilipiga hesabu. Mgeni rasmi wa Bunda ndiye mgeni rasmi wa Musoma. Mechi haianzi bila yeye. Kwa hiyo, maadamu namwona kwa macho yangu, Musoma hawajaanza. Hesabu hiyo haina kosa mpaka leo. Tangu utoto wangu sikuwahi kuona fainali, harusi, mahafali wala ufunguzi wa choo cha shule ukianza bila mgeni rasmi. Sikukosea mimi.

Tulishinda. Goli lile nililofunga bado wanalizungumzia Nyamuswa, wameliongezea chenga ambazo sikupiga, na siwasahihishi. Dume likakabidhiwa, kamba ikashikwa na watu wengi kuliko walioweza kulishika, likamkanyaga mjomba. Sikusubiri. Nikachukua mfuko wangu nikatoka na jezi yangu ya jasho.

Stendi basi la Musoma lilikuwa linaita abiria. Nililiona. Konda aliniita kwa jina la mchezo, "Namba kumi, twende!" Lakini basi la siku zile lilikuwa linasimama kwa kila kuku barabarani, na magari ya mheshimiwa yalikuwa pale pale, yanaunguruma, yanakwenda ninakokwenda, na ndani yake amekaa mtu ambaye bila yeye hakuna kipenga kinacholia. Nikamfuata. Nikapiga goti. "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ndiye senta wa Bunda, nacheza na Musoma leo. Naomba lifti."

Akafurahi sana. Wakubwa wanapenda kuombwa kitu kisichowagharimu. "Mpandisheni binti," akasema, nikapandishwa gari la nyuma na wapambe, wanaume wa miwani myeusi wenye harufu ya manukato na nyama choma. Nilikaa kwenye kiti laini nikawaza: mshika mbili, eeh? Leo mtaona.

Tulipofika Kiabakari, gari la mbele likakata kulia.

"Tunakwenda wapi?" nikauliza.

"Butiama," akasema mpambe. "Mheshimiwa ameandaliwa chakula kidogo."

Chakula kidogo! Nyumba ya mwenyeji, rafiki yake wa zamani, ilikuwa imechinja mbuzi, imechinja kuku, imekaanga sato wakubwa kama soli za buti, ugali wa mtama na wa muhogo, na bakuli la kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo wanaousifia wanaume wetu. Na kama unajua Butiama, au kwetu kote Mara, unajua kwamba mtu haondoki mezani kwa watu akiwa ameonja tu. Ni matusi. Unakula, unasifu, unaongezewa, unakataa, unaongezewa. Mimi nikasimama mlangoni na jezi yangu. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene, akanitazama akaona msichana. Hakuona senta. Akanipa jagi na beseni. "Wanawishe wageni, mwanangu."

Nikawanawisha. Ndiyo. Mimi, siku ambayo jeshi zima lilikuwa limetuma mtu kunitazama, nilikuwa Butiama nimeinama, beseni mkono wa kushoto, jagi la maji ya vuguvugu mkono wa kulia, nazunguka mezani. Wapambe walinawa kama wanaoga. Nilipomfikia mheshimiwa nilikuwa naiangalia ile saa yake, maji yakamwagikia kwenye mkono wa shati lake. Hakukasirika, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, angekasirika ningekuwa na cha kushika. Alitabasamu.

"Binti, mbona una hofu? Mechi haianzi bila mimi."

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema.

Alikula kila kitu. Alirudia samaki. Nilimnawisha tena alipomaliza. Halafu kukawa na maneno ya shukrani, na mwenyeji akajibu shukrani, na mheshimiwa akajibu majibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, lakini siku ile matumbo yaliyoumia hayakuwa yale yaliyokuwa yamekaa mezani.

Tulipoingia uwanjani Musoma niliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama, kama wapambe. Nikasikia kelele za watu. Kelele za mechi. Nikajiambia wanapasha. Hawakuwa wanapasha. Robo ya tatu ilikuwa inakwisha.

Mwalimu aliniona, mwavuli ukamshuka mkononi. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Na mgeni rasmi! Mmeanzaje bila mgeni rasmi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Pembeni ya mstari, kwenye kiti cha plastiki, alikaa afande, mgongo umenyooka, kofia mapajani. Saa kumi ilipofika, kamati ilimwomba avumilie. Naye akawajibu maneno ambayo Musoma yalirudiwa mwezi mzima: "Sisi jeshini hatusubirigi mtu. Ratiba inasema saa kumi. Anzeni." Na wale wanaume, ambao hawajawahi kuanza kitu maishani mwao, wakaanza. Siku moja tu katika historia ya mkoa wetu watu waliheshimu saa, na siku hiyo mimi nilikuwa nanawisha watu mikono.

Katikati ya uwanja, herufi ya senta kifuani, alikuwa resavu wangu. Msichana mpole wa Nyasura, mchezo mmoja tu, hajui hata kama mpira wa miguu ni duara. Hakuwa mbaya. Hakuwa mzuri. Alikuwa amewahi kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Robo ikaisha. Na hapo, nikiri, sikutegemea: yule msichana akatembea mpaka kwangu, akaivua bibu, ile fulana ya herufi ya senta, akanipa. Ilikuwa imelowa. Nikaivaa, nikaingia kwenye duara la katikati, mpira mkononi, na kwa pembeni ya jicho nikamwona afande ananitazama. Alikuwa ameinama mbele kidogo. Robo nzima ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa sihitaji zaidi ya dakika chache, najijua. Refa akaweka kipenga mdomoni.

"Tunaomba mechi isimame!" Kipaza sauti kikapasuka. "Tunaomba mechi isimame mara moja! Mgeni rasmi ameingia uwanjani!"

Wakapanga mstari. Kukagua timu. Mkono mmoja mmoja. Aliponifikia aliniuliza nacheza nafasi gani. Kwa Mungu aliye juu, aliniuliza. Halafu akapewa kipaza sauti. Michezo ni afya. Michezo ni upendo. Nilikuwa nimeushika mpira kifuani, nimesimama ndani ya duara langu, macho kwa afande. Akaangalia saa. Akaangalia barabara, alikuwa na safari ya Mwanza. Michezo ni ajira, akasema mheshimiwa. Afande akavaa kofia yake, akamwita mwalimu, akaonyesha kwa kidole benchi. Resavu akasimama. Wakaongea kidogo, wakapeana mikono. Kisha afande akaondoka, hatua ndefu, hakugeuka.

Nilicheza ile robo. Nilicheza kama mtu anayevunja vyombo. Kiti cha plastiki kilikaliwa na mama muuza karanga, na yeye alikuwa ameupa uwanja mgongo, anahesabu vifungu vyake.

Nyumbani nilifika kesho yake. Kidari kilikuwa kimeshaliwa, baba anachokonoa meno. Mama alinifichia kipande kwenye kikaango, akanikalisha, akaningoja nitafune.

"Wamekuona?" akauliza.

"Hawakuniona, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Halafu akanyanyuka, akachukua kapu, akaenda shambani, kwa sababu pamba ilikuwa imepasuka na haimngoji mtu. Alichuma pamba mpaka macho yalipomwisha. Blanketi nilikuja kumnunulia baadaye sana, la mtumba, na alikufa akiwa amejifunika hilo.

Padri nilipomsimulia, alitamka neno la Kiingereza ambalo nadhani hata kuungamwa linaona aibu. Alipostaafu kurudi kwao aliniachia ile fimbo bapa. Ninayo. Naifungia bendera ya kona.

Hapa Musoma nimeshakaa miaka mingi, nashona sare za shule asubuhi, jioni nafundisha wasichana wa Buhare michezo yote miwili, na mechi zao nazichezesha mwenyewe. Wazazi wananiletea ile methali. Nawaambia hakuna kilichoniponyoka mimi, kilichukuliwa, na aliyechukua alikuwa anakula samaki. Nina binti mmoja timuni sasa, mtoto wa mvuvi, mdogo wa umbo, pete senta, miguu namba kumi. Sijawahi kumsifia mbele yake. Akikupita na mpira unabaki unajiuliza kama umempisha au umepitwa.

Mwezi uliopita timu ya jeshi ikatuma mtu kumtazama. Alikuja mapema, gwanda limepigwa pasi, vyeo mabegani, miwani ya jua. Nikamjua kabla hajaivua. Resavu wangu. Amenenepa kidogo, sauti imekuwa ya kuamrisha, lakini ni yule yule wa Nyasura.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba, afande," nikasema, na nikalitafuna hilo neno.

Saa kumi ikafika. Mgeni rasmi yuko njiani. Wanakamati wakaanza kukimbia na kitambaa chao. Nikashika kipenga. Na unajua nani alinishika mkono? Yeye.

"Dada, tusubiri kidogo. Siyo vizuri mheshimiwa akute tumeanza."

Nilimtazama yule mwanamke. Gwanda, mshahara, nyumba aliyomjengea mama yake, vyote vile alivipata kwa sababu siku moja mtu mmoja alikataa kusubiri. Na sasa ananishika mkono nisubiri! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na matusi ya miaka yote hiyo, nimeyapanga kama vitambaa. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine, na kilitoka polepole.

"Siku ile unafikiri nilikuwa wapi?"

"Si ulikuwa Bunda," akasema. "Mnasherehekea ng'ombe. Mwalimu alituambia ulichagua mpira wa miguu."

"Nilikuwa Butiama. Nilikuwa kwenye msafara wa mgeni rasmi, nimeomba lifti nije kwenu. Nilikuwa nawanawisha mikono."

Wanakamati walikuwa wamesimama na kitambaa, wanasubiri. Binti wangu alikuwa kwenye duara la katikati, mpira kifuani, anatutazama sisi wawili. Resavu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Aliniachia mkono.

"Anza, dada," akasema.

Nikapuliza.

Magari yaliingia robo ya tatu, vioo vyeusi, vumbi, wapambe. Kipaza sauti kikalia. Watu wote meza kuu wakasimama, wakainamisha vichwa, wakanyoosha mikono. Mimi sikusimamisha mechi. Nilimtazama resavu. Mpambe alikuwa amemwinamia sikioni, anamwambia mheshimiwa amefika. Hakugeuza shingo. Alikuwa ameinama mbele kidogo kwenye kiti chake, viwiko magotini, anamtazama mtoto wa mvuvi.